Pikapu gani inafaa kubebea pikipiki za motokrosi, na inunuliwe lini?

Swali: Mimi ni mama wa watoto wawili hapa Jinja. Mkubwa ana miaka 13 na anaendesha pikipiki ya motokrosi (mbio za kwenye uwanja wa udongo) ya cc 85, yaani ukubwa wa injini, na mdogo ana miaka 9, yeye yuko kwenye 65. Kila kunapokuwa na mashindano kwenye viwanja vya Garuga au Busiika tunakodi pikapu, na mwaka ujao mkubwa atapanda 125. Mume wangu anataka tununue Hilux dabo kebini, yaani yenye milango minne na viti vya nyuma, ili watoto wakae nyuma na pikipiki zipakiwe. Tayari tuna gari la familia lenye viti saba, na tuna duka la vifaa vya ujenzi ambalo pia hukodi magari ya kupeleka mizigo kwa wateja. Je, tununue sasa au tungoje? Na tununue gari gani?

Jibu: Mama, asante kwa kueleza hali yako kwa ukamilifu, kwa sababu jambo ulilolitaja mwishoni, yaani duka, ndilo limenisaidia kufikia jibu. Wazazi wengi huniuliza kuhusu injini na jina la gari kabla hawajapima pikipiki yenyewe, kisha hugundua siku ya kwanza ya kupakia kwamba gari walilolilipia fedha nyingi haliwezi kufunga mlango wake wa nyuma. Kwa hiyo naomba tuanze na vipimo, halafu turudi kwenye majina.

Pikipiki ya motokrosi ya ukubwa kamili, kuanzia 125 hadi 450, ina urefu wa karibu sentimita 217 kutoka ncha hadi ncha. Lakini unapopakia, kipimo kinachokuhusu zaidi ni mahali ambapo gurudumu la nyuma litakanyaga. Gurudumu la mbele la inchi 21 pamoja na tairi lake lina nusu kipenyo cha karibu sentimita 35, na umbali kati ya vitovu vya magurudumu mawili ya 125 ni kati ya sentimita 144 na 149. Ukilisukuma gurudumu la mbele mpaka ligote kwenye ukuta wa bodi nyuma ya kebini, gurudumu la nyuma litakanyaga sentimita 179 hadi 184 kutoka ukuta huo. Sasa pima bodi ya dabo kebini yoyote, iwe Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger au Mitsubishi L200: nyingi zina urefu wa sentimita 150 hivi, na L200 za zamani ni fupi zaidi. Maana yake ni kwamba gurudumu la nyuma la 125 halitakuwa ndani ya bodi hata kidogo. Litakuwa juu ya mlango ulioteremshwa, takriban sentimita 30 nje ya bawaba, na mlango huo unashikiliwa na kebo mbili nyembamba au vyuma viwili vya pembeni.

Kwa pikipiki mlizo nazo leo tatizo hili halijajitokeza vizuri, na nadhani ndiyo maana halijawasumbua. Ile 65 ina urefu wa sentimita 160 hivi, na ukiilaza mshazari kidogo, mlango wa dabo kebini unaweza kufungwa. Ile 85 yenye magurudumu madogo hukanyaga kwenye sentimita 155 hadi 158, yaani karibu kabisa na bawaba, mahali ambapo mlango una nguvu, na uzito wake ni karibu kilo 70 tu. Mwaka ujao mambo yatabadilika kwa siku moja. Pikipiki ya 125 ina kilo 90 na zaidi, nusu ya uzito huo itakaa juu ya mlango, na kila tuta la barabarani litaurusha juu na kuupokea tena.

Nimeliona jambo hili kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukirudi kutoka mashindanoni na pikipiki tatu za ukubwa kamili kwenye dabo kebini, mbili zikitazama mbele na ya katikati ikitazama nyuma ili mikono ya usukani isigongane. Tulipovuka matuta yaliyopangwa matatu matatu, kebo moja ya mlango ilichomoka kwenye ndoano yake, mlango ukainama upande mmoja, na pikipiki ya kulia ikateremka kwa nyuma mpaka mkanda wake ukakaza kama uzi wa gitaa. Hakuna aliyeumia kwa sababu mikanda ya mbele ilishika na gari la nyuma yetu lilikuwa mbali. Kijana aliyekuwa akiendesha pikipiki hiyo alisimama kando ya barabara akiwa ameishika kwa mikono miwili mpaka tulipopata kamba, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Tangu siku hiyo simshauri mtu kubeba pikipiki tatu kubwa juu ya mlango ulio wazi, hata kama anawaona wengine wakifanya hivyo kila Jumapili.

Kuna aina tatu za kebini, na tofauti yao kwa mbebaji wa pikipiki ni kubwa kuliko tofauti kati ya kampuni na kampuni. Dabo kebini nimeieleza. Kebini na nusu, ile yenye viti vidogo vya kukunja nyuma ya dereva, ina bodi ya karibu mita 1.8, hivyo gurudumu la nyuma la 125 hukanyaga palepale kwenye bawaba. Kwa pikipiki ni gari zuri, lakini vile viti vya nyuma si mahali pa kumkalisha mtoto wa miaka 13 kwa zaidi ya kilomita 100. Singo kebini, yenye viti vya mbele tu, ina bodi ya karibu mita 2.3, na hapo pikipiki ya ukubwa wowote huingia nzima, mlango ukafungwa, taa na namba zikaonekana, na hakuna uzito unaoning'inia nje.

Kwa hiyo ushauri wangu kwenu ni singo kebini, na naelewa kwamba huenda mumeo asiupende mara moja. Hoja yake ni ya kweli: dabo kebini hubeba watu na mizigo kwa pamoja. Lakini ninyi mna gari la viti saba lenye mikanda ya usalama kwa kila mtoto, na mna duka. Siku ya mashindano watoto wasafiri kwenye gari la familia pamoja nawe, na pikapu iendeshwe na baba yao au dereva wa duka akiwa na fundi. Gharama ya kuongeza gari la pili barabarani ni mafuta ya safari ya kwenda na kurudi, ambayo kutoka Jinja hadi Garuga ni zaidi ya kilomita 220, na pikapu ya dizeli iliyotunzwa hutumia karibu lita 10 kwa kila kilomita 100. Hizo ni lita 22 au zaidi kidogo, mara chache kwa mwaka. Ukizilinganisha na fedha mtakazoongeza ili kupata dabo kebini badala ya singo ya umri uleule, mtaona kwamba itachukua misimu mingi sana ya mashindano kabla mafuta hayo hayajaifikia tofauti hiyo.

Na kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, singo kebini ndiyo itakayofanya kazi ya duka. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani moja, ambayo ndiyo kiwango ambacho pikapu nyingi za aina hii zimeundwa kubeba, na bodi ya mita 2.3 hupokea mbao na mabati ya mita tatu bila kuyaacha yakiburuta nyuma. Kwenye dabo kebini mabati hayohayo yangekuwa nusu nje.

Hilo linajibu pia sehemu ya kwanza ya swali lako, yaani lini. Kama pikapu ingekuwa ya pikipiki peke yake, ningekwambia uendelee kukodi, kwa sababu gari linalosimama nyumbani siku 340 ili litumike siku 25 linakula bima, tairi na betri bila kurudisha kitu. Fikirieni hivi: chukua risiti zote za magari mliyokodi kwa ajili ya duka na kwa ajili ya mashindano katika miezi 12 iliyopita, zijumlishe, halafu toa gharama ambazo gari lenu wenyewe lingewadai katika muda huo, yaani dereva, mafuta, matengenezo na bima. Kama kinachobaki kinaweza kulipa bei ya gari ndani ya miaka minne au mitano, nunueni mapema, hata kabla ya 125 kufika. Kama hakifiki, ngojeni, maana mtoto anapohama kutoka 85 kwenda 125 mara nyingi hupitia msimu mgumu, na wako vijana wanaoomba kuacha baada ya kuanguka mara mbili tatu. Ni vyema fedha za familia zisifungwe juu ya mapenzi ya mtoto ambayo bado yanajaribiwa. Naupenda mchezo huu kwa moyo wote, lakini nimeona wazazi wakimlazimisha mtoto aendelee kwa sababu tu gari limeshanunuliwa, na hilo si haki kwake.

Mkiamua kuagiza kutoka nje, kalenda ya serikali nayo ina sauti. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai, bajeti husomwa Juni, na mabadiliko ya kodi za magari kwa kawaida huanza siku hiyo ya Julai. Gari lililotoka Japani au Thailand huchukua wiki kadhaa baharini kabla ya kufika Mombasa, kisha hupita Malaba au Busia. Mkilipia Aprili au Mei, gari linaweza kufika wakati viwango vimebadilika, kwa sababu kodi hukadiriwa linapoingizwa, si siku mliyomlipa muuzaji. Kwa hiyo ama agizeni mapema ili limalizane na forodha kabla ya Juni, ama ngojeni mpaka viwango vipya vijulikane.

Kodi zenyewe ni nzito, na ni lazima zihesabiwe kabla ya kufurahia bei ya mtandaoni. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inayotozwa juu ya thamani iliyokwisha kuongezwa ushuru huo, kodi ya zuio ya asilimia 6, na tozo ya mazingira ambayo hutegemea umri wa gari. Isitoshe, tangu sheria ya usalama barabarani iliporekebishwa mwaka 2018, gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu lilipotengenezwa haliruhusiwi kuingizwa. Umri huo huhesabiwa kuanzia mwaka wa kutengenezwa, na kuna wanunuzi waliojikuta pabaya kwa kuamini mwaka wa usajili uliokuwa kwenye tangazo.

Kuhusu jina la gari, kuna jambo moja la historia ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004, na ikarudi kuiuza huko mwaka 2017 tu, tena ikiwa dabo kebini. Kwa hiyo Hilux singo kebini ya miaka ya 2010 inayouzwa bondi (yadi ya magari yaliyoagizwa kutoka nje) kwa maelezo kwamba "imetoka Japani" inastahili kuulizwa maswali. Nyingi za usukani wa kulia hutoka Thailand au Uingereza. Zile za Thailand hupatikana kwa singo kebini kwa urahisi zaidi. Zile za Uingereza zimepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi majira ya baridi, na chumvi hiyo hula chasi kutoka ndani. Lala chini ya gari na nyundo ndogo, gonga chasi kuanzia mbele hadi nyuma, hasa juu ya ekseli ya nyuma na penye mabano ya springi, na usikilize. Chuma kizima hulia, na kilichooza hutoa sauti iliyokufa. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari lililotumika miaka kumi mimi huichukulia kama sababu ya kugonga mara mbili zaidi.

Isuzu D-Max ndiyo ningeiweka sambamba na Hilux, na kwa kazi yenu huenda ningeiweka mbele. Huunganishwa Nairobi, hivyo singo kebini za dizeli zipo katika ukanda huu na vipuri vyake si vya kutafutwa, na injini yake ya lita 3.0 huvumilia mizigo ya saruji kwa miaka. Hilux ina faida kwamba kila fundi kuanzia Kisekka, soko la vipuri la Kampala, hadi mji mdogo kabisa ameshaifungua, na kwamba mkitaka kuiuza mtapata mnunuzi haraka. Tofauti baina yao ni ndogo kuliko tofauti kati ya gari lililotunzwa na lililoteswa, kwa hiyo nunueni lenye historia safi, bila kujali beji. Ranger na L200 ni magari mazuri, ila katika soko letu nyingi ni dabo kebini, na mkiwa Jinja mtategemea Kampala kwa vipuri zaidi kuliko kwa hizo mbili za kwanza. Land Cruiser pikapu ni imara kupita kiasi kwa hitaji lenu, na bei yake inaonyesha hivyo.

Kwenye injini za dizeli za komoni reli (zinazopuliza mafuta kwa shinikizo kubwa), muombe fundi aangalie nozeli kabla ya yote. Liwashe gari likiwa baridi asubuhi, si baada ya muuzaji kulipasha moto, na sikiliza kama linagonga katika dakika ya kwanza. Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma uone kama moshi unapuliza kwa nguvu. Na mkichukua gari la Uingereza la miaka ya karibuni, ulizeni kuhusu chujio la moshi kwenye bomba la ekzosi, kwa sababu gari linalozunguka mjini na saruji kwa mwendo mfupi mfupi halipati joto la kutosha kulisafisha, na likiziba matengenezo yake ni ghali.

Kuhusu gia ya magurudumu manne, ningeichukua kama bei inaruhusu, lakini nisingeacha gari zuri kwa sababu halina. Eneo la kuegesha la Busiika hugeuka utelezi msimu wa mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na singo kebini isiyo na mzigo huwa nyepesi nyuma, hivyo huzungusha tairi mahali ambapo gari zito lingepita. Tairi nzuri za matope na mifuko miwili ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma hutatua sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Kama baada ya haya yote familia bado itachagua dabo kebini, msiichukue bila kufanya mambo mawili. Badilisheni kebo za mlango kwa mpya zenye unene zaidi, kisha mtengenezeeni pikipiki njia ya ubao mgumu inayoanzia kwenye ukuta wa bodi hadi mwisho wa mlango, ili uzito wa gurudumu la nyuma usambae badala ya kukanyaga sehemu moja ya bati. Na mbebe pikipiki mbili tu.

Kabla ya kwenda bondi, kata fito la sentimita 220. Lipige alama ya rangi kwenye sentimita 35, ambapo kitovu cha gurudumu la mbele kitakuwa, na nyingine kwenye 184, ambapo gurudumu la nyuma litakanyaga. Liweke ndani ya bodi ya kila gari mnaloonyeshwa, ncha moja ikigota kwenye ukuta wa kebini. Wauzaji watawashangaa, lakini fito hilo litawaambia kwa sekunde tano jambo ambalo tangazo halisemi. Angalieni pia pete za kufungia: singo kebini nyingi za kazi zina ndoano za nje za kamba tu, na mtahitaji fundi wa kuchomelea aweke pete nne imara ndani, mbili kwenye kona za mbele na mbili karibu na mlango.

Gari likishapatikana, fedha kidogo zilizobaki zitumieni kwa mikanda mizuri na ubao wa kupandishia wenye ndoano ya kuushikilia kwenye bodi, kwa sababu ubao unaoteleza wakati mtoto anasukuma pikipiki umewaumiza watu wengi kuliko mbio zenyewe ninavyoziona. Fungeni mikanda ya mbele kutoka kwenye usukani, na muweke kipande cha mbao kati ya tairi la mbele na mdigadi wake ili foku zisikandamizwe mpaka mwisho; foku zinazosafirishwa zikiwa zimekazwa kabisa huvuja sili mapema. Fungeni koki ya petroli ya pikipiki. Mikanda hulegea katika kilomita za kwanza springi zikijipanga, kwa hiyo safari yenu ya kwanza simameni Njeru mkishavuka daraja na muivute kwa mkono, kisha simameni tena Najjembe katikati ya Mabira, ambapo watoto watataka kuku wa mshikaki kwa vyovyote, na muivute mara ya pili wakati wakila.